Nusu ya Sheria Niliyoiruka

Adumi, alasiri, mvua inanyesha

Mwanangu Driciru,

Umeenda Arua mjini kutafuta viatu vya kutembelea, nami nimepata nafasi ya kukaa mezani bila wewe kuniuliza naandika nini. Naandika Kiswahili kwa makusudi. Shangazi yako Onziru, dada wa marehemu baba yako, amepita hapa mlangoni mara tatu tangu nishike kalamu. Mara anatafuta chumvi, mara anamtafuta kuku ambaye mimi namwona kutoka hapa nilipo. Kilugbara anasoma kila herufi. Kiswahili anakijua cha sokoni, lakini cha kuandikwa humchosha kabla ya mstari wa pili. Basi Onziru, kama umefika hapa, pole kwa kazi, na urudishe karatasi mahali ulipoikuta.

Sitakuambia mambo ya kufuli, wala ya kuchemsha maji, wala ya yule mpangaji wa mjomba wako, huko utakakofikia, anayecheka kabla mtu hajamaliza kusema. Hayo umeyasikia tangu juzi na masikio yako yamechoka. Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Baba yako alikuwa akisema nikipewa zawadi hutazama kwanza chini yake. Alisema kweli, na sijaacha.

Siku ulipokuja na habari kwamba umechukuliwa kuwa karani wa sensa kule Koboko, nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Haikuwa hasira. Niliogopa, maana kazi hiyo niliwahi kuifanya mimi mwenyewe, hapa hapa Adumi, wewe ukiwa tumboni, na niliiharibu. Kwenye karatasi haikuharibika. Msimamizi aliisifu, akasema mwandiko wangu ndio mzuri kuliko wote katika parokia, kata nzima. Iliharibika mahali ambapo msimamizi hafiki.

Na kuna jambo la jana. Mlidhani sikuwaona, wewe na Mama Candiru wa ng'ambo ya ua, nyuma ya jiko. Niliwaona, na kwa kuwa dirisha la jiko halina kioo, niliwasikia pia.

Alikuambia: "Driciru, wewe naenda Koboko kuandika watu yote. Kama naona jina ya Ezama kwa hiyo mashini yako, ambia mimi tu. Mimi hapana ambia mutu."

Nawe ukamjibu, "Nitaangalia, mama."

Ulijibu kwa huruma, na ninakupenda kwa huruma hiyo. Lakini kesho kutwa utasimama mbele ya watu na kuapa kwamba jina la mtu, umri wake, alikozaliwa, na nani analala chini ya paa lake, hayo yote hayatatoka mdomoni mwako. Ukiapa, lile "nitaangalia" linageuka kosa la kukupeleka mahakamani. Hilo utafundishwa na wakufunzi wako. Mimi nataka kukuambia lile wasiloweza kukufundisha: Ezama alipotea vipi, na mkono wangu ulikuwa wapi.

Wewe unamjua Ezama kama jina tu, jina la mwanawe ambalo Candiru hulitaja akishiba pombe ya Krismasi. Mimi nilimjua kijana mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Alikuwa fundi wa baiskeli, na mikono yake haikutakata hata Jumapili. Miaka miwili kabla ya sensa ile alikuwa amekwenda porini na vijana wengine wenye bunduki, kisha akarudi kimyakimya, bila kujiandikisha popote kwamba amerudi. Mchana alifanya kazi nyuma ya nyumba. Mgeni akitokea, alikuwa shambani. Sisi majirani tulijua, tukanyamaza, kwa sababu karibu kila ukoo hapa ulikuwa na mtoto wa namna hiyo.

Mimi nilikuwa mwalimu mgeni, mke mgeni, Mkakwa wa Koboko aliyeletwa kwa Walugbara. Kilugbara changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu. Candiru na mimi tuliongea Kiswahili, chake cha Congo, alichokiokota ukimbizini, changu cha darasani. Ndiye mtu wa kwanza hapa aliyeniita kwa jina langu badala ya "yule mke". Alinionyesha kisima. Alinifundisha kusaga simsim bila kuumia kiwiko. Ninaandika hili ili ujue nilimfanyia nani nililolifanya.

Nami pia nilikuwa mtoto wa ukimbizini. Nilikuwa na miaka sita tulipovuka kwenda Congo. Kabla hatujavuka, walipita watu Koboko wakiuliza majina ya wanaume, nyumba kwa nyumba, kwa upole kabisa. Mama yangu aliwapa viti. Waliandika kwenye daftari la jalada la kijani. Wiki haikuisha, wakarudi na daftari lile lile, safari hii wakiwa na lori, na kaka wa baba yangu akapandishwa. Viti havikuwasaidia watu wa nyumba. Ng'ambo nako tukaandikwa tena, na mara hii tulioandikwa tukapewa unga na maharage. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba kuna daftari linalolisha na kuna daftari linalomeza, na majalada yake yanafanana. Tangu hapo mtu akishika kalamu mbele yangu, siuangalii uso wake. Nauliza daftari hilo litalala wapi leo.

Lakini nyani haoni kundule. Mimi niliyeshuku madaftari ya dunia nzima sikulishuku daftari langu.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili kabla ya kuhesabu, mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, aliita mkutano kwenye uwanja wa kanisa ili mimi, karani, niwasomee watu sheria. Nilikuwa nimevaa kitambulisho shingoni, kile cha kamba ya buluu. Mama mkwe wangu, bibi yako, alikaa mstari wa mbele na wanawake waliokuwa wakiucheka mwendo wangu. Nilikuwa na karatasi yenye pande mbili. Upande wa kwanza ulisema mwenye nyumba analazimika kumpokea karani saa za kawaida na kumjibu, na kwamba anayekataa, au anayejibu uongo akijua, anatenda kosa, anaweza kutozwa faini au kufungwa. Nikausoma kwa sauti ya darasani. Wanawake wale wakaacha kucheka. Bibi yako akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu.

Upande wa pili ulinihusu mimi. Ulisema karani ameapa; haruhusiwi kumwonyesha wala kumwambia mtu yeyote asiye wa kazi hiyo alichojibiwa, awe polisi, awe askari, awe mwenyekiti, awe mume wake. Ulisema akitoa siri, yeye ndiye anayeshtakiwa.

Sikuusoma. Nilikunja karatasi.

Usinitetee, Driciru. Najua utaniambia huenda muda uliisha, au mvua ilikuja. Muda ulikuwepo na jua lilikuwa kali. Sikuusoma kwa sababu niliona aibu kusema mbele ya wanawake wale kwamba na mimi naweza kufungwa. Nilikuwa nimeogopwa kwa dakika tano na nilipenda. Hiyo ndiyo sababu nzima, sina nyingine.

Jioni ile Candiru alikuja uani nikifua. Hakukaa. Aliuliza kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Mwalimu, hii kuhesabu, nahesabu nani? Mutoto ya mutu, ao ile nalala kwa nyumba?"

Nikamwambia, "Anahesabiwa mtu aliyelala nyumbani usiku wa sensa. Alipolala ndipo anapohesabiwa."

"Na kama nalala ngine? Kwa ndugu?"

"Basi anahesabiwa kwa ndugu."

"Na kama ndugu iko Congo?"

Hapo mikono yangu ilisimama ndani ya povu. Nilijua anachouliza, mwanangu. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Ningeweza kusema: Candiru, mwache mtoto alale kwake, nitaandika watatu, na karatasi ile haitafika kwa askari, mimi mwenyewe nitafungwa ikifika kwa mkono wangu. Maneno hayo yalikuwa upande wa pili wa karatasi, na karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, imelowa pembe.

Nikasema, "Aliye Congo hatumhesabu sisi."

Akapumua. Akasema, "Basi mimi hapana sema uongo."

Umeona? Yule mama hakuwa mwongo. Aliiogopa sheria mara mbili: aliogopa kusema uongo, na aliogopa kusema kweli. Akatafuta njia ya kutii bila kufa. Wengine wangeficha mtu chini ya kitanda na kuapa hayupo. Candiru alihakikisha hayupo kweli. Usiku wa sensa ulipokaribia alimtuma kijana wake avuke, alale kwa mjomba wake upande wa pili, usiku mmoja tu, arudi asubuhi. Kutoka hapa ni mwendo wa saa chache kwa miguu, njia ambayo watu wetu huipita kwenda mazishini na kurudi siku hiyo hiyo.

Nilifika kwake siku ya pili ya kuhesabu. Kulikuwa na sahani tatu zimeanikwa kwenye uchanja. Nyuma ya nyumba baiskeli ilikuwa imesimamishwa kichwa chini, gurudumu limetolewa, bisibisi iko kwenye nyasi.

"Nani walilala hapa usiku wa sensa?"

"Mimi na hii mutoto ya kike. Watu mbili."

"Wengine?"

"Hapana iko."

Nikaandika wawili. Kila neno lilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyelitengeneza. Kisha nikachukua chaki na kuandika namba ya nyumba mlangoni, kama tulivyoagizwa, ili msimamizi ajue pamekwisha hesabiwa. Watu wengi hapa walizifuta namba zile kabla sijafika kwa jirani. Walikumbuka vita, nyumba zilizotiwa alama. Candiru hakufuta yake. Aliniuliza tu, "Hii maana yake nini?"

Nikamjibu, "Maana yake hapa tumemaliza. Hakuna mtu wa kuandika atakayekuja tena."

Ezama hakurudi asubuhi ile aliyotarajiwa. Siku ya tatu Candiru alivuka kumfuata. Ndugu yake akamwambia kijana aliondoka alfajiri na watu wengine, wakaelekea upande ambao risasi zilikuwa zinasikika, wengine walisema upande mwingine. Kule kulikuwa na vita vyao wakati ule. Candiru alirudi peke yake, miguu imevimba, akapita mbele ya ua wangu na kunisalimu. Aliniamkia! Nilikaa ndani siku mbili nikisema ni mimba.

Hakunilaumu siku ile wala baadaye. Ndiyo maana sikuwahi kumwambia. Mtu akikulaumu unaweza kujitetea, na ukijitetea sana mwisho unakiri. Yeye alinipa shukrani. Aliwaambia watu, "Mwalimu nasaidia mimi, naeleza mimi sheria muzuri." Na kila alipolisema niliinuka nikatafuta kazi ya kufanya.

Sasa nikueleze habari ya chaki. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ukiniuliza kwa nini Mama Candiru anapenda chaki? Kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, alikuja mlangoni. "Mwalimu, saidia mimi chaki moja." Nilimpa. Nikamshuku pia, usishangae. Nilidhani ni za kuchora sakafuni kuzuia siafu. Kisha nikadhani anakula, kama wajawazito, nikasema katika umri huu! Onziru akadai ni mambo ya uganga, akataka nisimpe. Nilimpa miaka sita, saba, bila kuuliza.

Nikaja kujua siku ya msiba wa mume wa binti yake, tulipokwenda kusaidia kupika. Alikuwa ameshajenga nyumba ya bati na kuweka mlango wa chuma. Ule mlango wa zamani wa mbao aliuhamishia kwenye nyumba ndogo ya jiko, upande unaotazama njia ya Congo. Namba yangu ilikuwa pale, nyeupe, mpya, kwa mwandiko ambao si wangu lakini unafuata mwandiko wangu, pamoja na ule mkia ninaouweka kwenye saba. Nilimuuliza, nikijifanya nacheka.

Akasema, "Mvua nafuta, mimi narudisha. Ezama akikuja naona namba, najua hapa nilisha hesabu. Hapana ogopa kuingia."

Nilirudi jikoni nikamenya vitunguu vya watu wote waliokuwepo, ili nipate sababu ya macho yangu.

Tangu siku ile mimi humtengea chaki yake kwenye kila boksi linalofika shuleni. Na hata hivyo sikumwambia. Nilikuwa hodari wa kushuku nia za watu wengine, na yangu niliipa chaki ikanyamaza.

Haya. Sasa unajua kwa nini alikufuata nyuma ya jiko. Mwaka huu mchuuzi mmoja wa samaki wakavu amemwambia kwamba Koboko, karibu na soko, kuna fundi wa baiskeli na bodaboda anayefanana na watu wa hapa, lakini anajiita jina la Kikongo na anasema Kikakwa kama mtu aliyejifunza ukubwani. Mimi simwamini yule mchuuzi. Mtu anayeweka samaki waliooza chini na wazuri juu anaweza pia kupanga habari. Lakini Candiru haulizi samaki wako vipi. Kwake kila neno kutoka Koboko ni zuri.

Na mimi? Nitakuambia bila kuficha. Nilipomsikia akikuomba, moyo wangu ulisema, ndiyo, angalia, mwanangu, angalia kila jina. Ukimpata Ezama hai, basi mimi sikuua mtu. Nilikaa kando ya ukuta wa jiko na ufagio mkononi, nikitamani uvunje kiapo ambacho hujakila bado, ili mimi nilale. Nilijiona vizuri sana wakati ule. Ilikuwa tamaa ile ile ya uwanja wa kanisa: kutumia karatasi ya serikali kwa shida yangu.

Kwa hiyo nakuomba kinyume. Ukimkuta, usiniambie. Usimwambie Candiru. Usituambie hata kwa kukataa kutuambia, unanielewa? Ukirudi nitakutazama usoni, najijua, nitakutazama ukivua viatu na ukinywa maji. Niletee uso ambao haujui kitu. Nikikuuliza kwa kuzunguka, kwa mfano nikikuuliza kama baiskeli za Koboko zinatengenezwa vizuri, nicheke na uniambie nikapike.

Kule Koboko utakuta mambo yaliyo magumu kuliko ya Adumi. Mji ule una milango miwili iliyo wazi, mmoja wa Congo na mmoja wa Sudan Kusini, na watu wamejifunza kuwa na jibu moja kwa kila mlango. Utakuta mama mwenye kadi ya ukimbizi kwa jina moja na jirani anamwita kwa jina lingine. Atakuona na ile tableti yako na atafikiri unataka kumnyang'anya posho. Utakuta mzee atakayekuhesabia wajukuu kwa kuwaita mmoja mmoja, kwa sababu hataki namba yao itajwe, ngoja naye mpaka amalize. Utakuta mtu atakayesema "iko tano" na wewe unasikia wa sita akikohoa ndani. Hasira itakujia, maana utakuwa na nyumba nyingi na siku chache, na miguu itauma.

Usikasirike na anayekushuku. Shaka yake ina wazazi. Mimi ni shahidi, nilizaliwa nayo katika mji huo huo.

Sikufundishi kufumbia macho uongo. Mimi nilifumba, na sahani tatu zilikuwa mbele yangu. Mtu analazimika kujibu na kujibu kweli, hiyo ni sheria, na shule na zahanati zinapangwa kwa majibu hayo. Nimefundisha watoto tisini katika darasa lililojengwa kwa ajili ya nusu yao, najua maana ya watu wasiohesabiwa. Waambie hilo bila kutikisa kichwa. Lakini anza na upande wa pili wa karatasi. Kabla hujamwambia mtu kwamba anaweza kufungwa akikudanganya, mwambie kwamba wewe utafungwa ukimtangaza. Liseme la kwako kwanza, kwa sauti, hata kama mama mkwe wako amekaa mstari wa mbele. Halafu uulize. Na mtu akikuuliza swali la kuzunguka, nani anahesabiwa, amelala wapi, na kama yuko Congo, weka kalamu chini, au chochote mnachotumia siku hizi, na umjibu lile analouliza.

Kama fundi yule ni Ezama, na ukamfikia, ataogopa. Mtu aliyebadilisha jina husikia swali la jina kama mlio wa bunduki. Msomee upande wako, andika atakachosema, shukuru, nenda nyumba inayofuata. Usimtajie Adumi. Usimtajie mama. Umeingia kwake kwa mlango wa serikali, na mlango huo hauruhusiwi kupitisha salamu.

Kumtafuta si kazi yako. Ni yangu, na nimeichelewesha tangu kabla hujazaliwa. Sensa ikiisha, wewe ukisharudisha vifaa vyao na kurudi hapa, mimi nitapanda gari kwenda Koboko. Sitafikia kwa mjomba wako, nitafikia kwa mtu ambaye wewe hukumhesabu. Sitakuuliza mtaa. Nitapita kwa mafundi wa baiskeli mmoja baada ya mwingine, kwa miguu yangu na mdomo wangu, kama jirani anayemtafuta mtoto wa jirani. Hakuna sheria inayonikataza hilo, na hakukuwa nayo miaka yote hii. Nikimpata na akisema hataki kupatikana, nitanunua tyubu na kurudi. Nisipompata, nitakuwa angalau nimechoka mahali panapostahili.

Lakini kabla ya Koboko kuna safari fupi zaidi, na hiyo ndiyo inayonitia hofu. Kesho ukishapanda gari nitavuka ua kwenda kwa Candiru. Nataka nifike kabla ya karani atakayetumwa huku kwetu. Namwonea huruma mtoto wa watu huyo. Atamuuliza nani walilala hapa, na Candiru, ambaye safari ile alikuwa na mtoto na akamwondoa, safari hii atatamani kumtaja na hataweza, kwa sababu hakulala hapo.

Nimeitafuta ile karatasi. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye Biblia ya baba yako, bado ina alama pale pembe ilipolowa. Nitamsomea upande wa pili, wote, polepole, kwa Kiswahili chake. Nitamwambia kwamba Ezama angelala nyumbani ningeandika watatu, na sheria ingenifunga mdomo. Nitamwambia nililijua hilo siku ile aliponikuta nikifua, na kwamba nililinyamazia kwa sababu nilipenda kuogopwa. Sijui atafanya nini. Labda atanifukuza. Labda ataniamkia, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Mwaka huu hajaja bado kuomba chaki. Ipo hapa mezani, nimeitenga. Kesho, kwa mara ya kwanza, nitampelekea mwenyewe, na akiitaka baada ya kunisikia, ataichukua.

Nasikia boda yako barabarani. Onziru naye amesikia, ametoka.

Mama yako